Kiherehere cha shabaha: gunia, klika, mdomo au mkono wa pili?

Mita 18, karatasi ya sentimita 40, na katikati yake duara la kumi lenye upana wa sentimita 4 tu. Navuta kamba, naileta kidevuni, na kabla sijatulia pini ya kulengea inagusa ukingo wa manjano, ile rangi ya katikati ya karatasi. Mshale umeshaondoka. Sikuuachia mimi. Afande mmoja mstaafu anayepiga nasi hapa Bombo alinitazama nikipoteza mishale sita kwa mtindo huo, kisha akasema, "Mkono wako unalitii jicho, haukutii wewe."

Yeye alilijua tatizo hili tangu enzi za bunduki. Kuruta anayekiogopa kishindo hufumba jicho na kuisukuma bunduki kabla risasi haijatoka. Kwenye upinde hakuna kishindo, lakini ugonjwa ni wa ukoo mmoja, na sisi tunauita kiherehere cha shabaha. Wacheza gofu wana wa kwao, uliomtesa Bernhard Langer kwa miaka. Wacheza vishale nao wana wa kwao, uliomkamata Eric Bristow aliyekuwa bingwa wa dunia mara tano. Nawataja hao ili ukipatwa usidhani ni kwa sababu hujui kupiga.

Dawa zinazotajwa ni nyingi, na kila mtu huapa kwa ile iliyomponya. Nne nimezijaribu mwenyewe au nimewasimamia wenzangu wakizijaribu, na hapa naziweka ubavu kwa ubavu. Nimemfikiria msomaji wa huku kwetu Uganda: ana upinde mmoja na mishale ya kuhesabu, na kila kifaa kipya anakisubiri kutoka Nairobi au ng'ambo, kisha anakilipia ushuru.

Je, ni kiherehere kweli?

Usinunue chochote kabla ya jaribio hili. Simama hatua tatu kutoka kwenye gunia, mshale ukiwa kwenye kamba. Vuta, tia nanga kidevuni, fumba macho, hesabu polepole hadi nane, halafu irudishe kamba taratibu bila kuachia. Kitendo hicho cha mwisho tunakiita kushusha, na utakisikia sana humu.

Ukishindwa kufika nane hata macho yakiwa yamefumbwa, huumwi kiherehere. Upinde wako ni mzito. Huku hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu mtu huchukua upinde uliopatikana, si unaomfaa: kijana anayemudu upinde wenye uzito wa kuvuta wa paundi 26 anapewa wa paundi 40 na anaona haya kusema. Mazungumzo yote kuhusu akili hayatamsaidia. Aazime mbawa nyepesi, yaani ile mikono miwili ya upinde inayopinda, miezi miwili mitatu, kisha apande.

Kama macho yamefumbwa unafika nane bila shida, lakini ukiyafumbua mbele ya karatasi mkono unakuruka, karibu kwenye chama.

Na mshale uwe kwenye kamba muda wote. Afande alizoea kufyatua bunduki isiyo na risasi kama zoezi, akataka na sisi tufanye vivyo hivyo. Upinde haukubali. Ukiachia kamba tupu, nguvu ambayo ingeondoka na mshale inabaki kwenye mbawa, na mbawa zinaweza kupasuka usoni pako.

Sura tatu za ugonjwa

Ya kwanza ni yangu: pini ikigusa manjano, vidole vinaachia. Ya pili ni ganzi. Pini inakwama chini ya manjano, kama kuna kioo, na mpigaji anatetemeka akijitahidi kuipandisha sentimita mbili ambazo kwenye gunia tupu angezipandisha usingizini. Ya tatu huwapata zaidi wanaopiga bila pini: kamba haifiki hata kidevuni, inaachiwa njiani.

Chanzo ni kimoja. Mbwa wa Ivan Pavlov walizoeshwa mlio ukitangulia chakula, hata wakawa wanadondosha mate kwa mlio peke yake. Mpigaji naye ameona manjano kisha akaachia, mara elfu kadhaa, mpaka kuona na kuachia vikawa kitu kimoja. Mwenye ganzi amefika hapohapo kwa mlango wa nyuma: akili yake imejua kwamba kufika kwenye manjano ni kupiga, na kwa kuwa haijawa tayari kupiga, inakataa kufika.

Kwa hiyo kila dawa naipima kwa swali moja. Je, inanirudishia uwezo wa kukataa? Yaani, pini ikiwa katikati kabisa ya manjano, naweza kushusha?

Kupiga haraka si ugonjwa. Mwaka fulani nilifika Mgahinga, kule Kisoro, ambako Watwa huwaonyesha wageni jinsi wazee wao walivyowinda msituni kabla ya kutolewa humo ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Mzee mmoja alikuwa na upinde mdogo, na mshale wake uliondoka kamba ilipofika tu, bila kusimama. Nikajiambia, huyu naye anao. Akavuta tena, mtoto akapita mbele, na mzee akashusha kana kwamba anaweka kikombe mezani. Hakuwa nao.

Gunia na ngazi

Tunatumia gunia la kahawa. Tunalijaza matambara ya mitumba kutoka soko la Owino, Kampala, na mifuko ya plastiki, kavera kama tunavyoiita, tukishindilia kwa miguu hadi liwe gumu kama godoro la hosteli. Linaegemezwa kwenye ukuta wa udongo. Hakuna karatasi, hakuna alama. Unasimama mita 3, unaelekeza mshale katikati, unavuta, unafumba macho, unapiga.

Macho yakiwa yamefumbwa unaanza kusikia vitu ulivyokuwa umevisahau: misuli ya mgongo ikikaza, kidole cha shahada kikigusa pembe ya mdomo, bega la mkono wa upinde likitaka kupanda masikioni. Mishale 30 au 40 kwa jioni inatosha. Gharama yake karibu si kitu, na mvua za Machi hadi Mei zikianza unaweza kulihamishia barazani, maana mita 3 mtu hazikosi. Hakikisha tu nyuma ya gunia kuna ukuta, si njia ya watoto na mbuzi.

Ubaya wake wa kwanza ni kwamba linachosha kama kuchambua mchele wa harusi. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi na watu wengi hawaambiwi: ugonjwa haukai kwenye gunia. Nilipiga wiki tatu nikiwa nimefumba macho, nikawa mtulivu kama maji ya mtungini. Siku niliyorudi kwenye karatasi, mshale wa kwanza na wa pili vilikuwa safi. Wa tatu uliruka wenyewe. Gunia halina manjano, hivyo lilikuwa limenifundisha kupiga vizuri mahali ambapo sikuwa mgonjwa.

Kilichoniponya ni ngazi inayofuata baada yake. Unabandika karatasi kubwa kwenye gunia, ukiwa palepale mita 3, ambapo huwezi kukosa hata ukitaka. Unavuta, unaweka pini katikati, unatulia, unashusha. Mara tatu hivyo. Ya nne unapiga. Ukikaa siku kadhaa bila mshale kukutoroka, unarudi nyuma hadi mita 5, kisha 7, 10, 14, 18. Mshale ukitoroka hata mmoja, unashuka ngazi moja bila kujadiliana na nafsi yako. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Watoto wa jirani wamekaa ukingoni wanacheka kwamba mtu mzima anapiga mita 5, naye anaona bora apande. Mimi nilipanda mapema mara mbili, na mara zote mbili nililipa wiki nzima.

Kwa aliye na sura ya kwanza au ya tatu, sijaona dawa bora kuliko hii. Kwa mwenye ganzi inafanya kazi polepole zaidi, na inasaidia akigeuza karatasi upande mweupe kwanza, kisha achore duara kubwa la sahani, kisha dogo, na manjano yaje mwisho.

Klika

Klika ni kipande chembamba cha chuma kinachofungwa kwenye mpini wa upinde wa rikavu, ule wenye ncha zilizopinda kwenda mbele. Mshale hupita chini yake. Ukivuta hadi urefu wako kamili, chembe ya mshale inatoka chini ya chuma na chuma kinagonga mpini: ta! Mlio huo ndio ruhusa ya kuachia. Amri inahama kutoka kwenye jicho hadi kwenye sikio, na jicho linabaki na kazi ya kutazama tu. Kwa bei ni kifaa kidogo ukilinganisha na mbawa au mishale ya kaboni.

Kwa sura ya kwanza matokeo huja upesi mno, na mimi huogopa dawa ya namna hiyo. Dada mmoja wa Busia anayekuja kupiga nasi alifunga klika mwezi mmoja kabla ya mashindano. Wiki ya kwanza tulidhani tumeona muujiza. Wiki ya sita alikuwa akiachia kabla ya mlio, au akishtuka mlio ukija, na mishale ikaanza kupanda juu. Mbwa alikuwa yuleyule, amebadilishiwa kengele tu.

Alichookolewa nacho ni zoezi la afande. Anasimama nyuma yake. Dada anavuta, klika inalia, na hapohapo afande anasema "piga" au "shusha", bila mpangilio. Mlio haukuwa tena amri, ukawa habari: umefika urefu wako, basi. Baada ya majuma mawili ya kuchukiana kidogo, klika ilianza kumtumikia.

Kuna mipaka mingine. Wanaoshindana na upinde usio na pini hawaruhusiwi klika kwa kanuni za World Archery, kwa hiyo kwao mjadala umefungwa. Klika pia inataka mvutaji ambaye urefu wake umeshatulia. Anayeanza, ambaye leo anavuta hivi na kesho vile, atapigana nayo kila siku. Na kwenye mechi za mmoja kwa mmoja, ambapo wapigaji hupokezana na kila mshale una sekunde 20, mtu anayeisukuma klika milimita kwa milimita atazisikia sekunde hizo zikiisha mgongoni.

Wenye kompaundi, ule upinde wa roda, wana ndugu wa klika: kifyatulio kisicho na kitufe, yaani kile kishikio cha mkononi kinachoshika kamba badala ya vidole. Kimojawapo hujifungua kinapozungushwa kidogo kwa mvuto wa mgongo, kingine mvuto unapozidi kiwango ulichokipanga. Hujui sekunde yenyewe, hivyo huwezi kuirukia. Nimekitumia cha kuazima tu, kwa hiyo sitajifanya fundi. Najua mambo mawili. Bei inauma. Na cha kuzunguka kinaweza kujifungua ukiwa katikati ya kuvuta na ngumi ikakutua mdomoni, hivyo anza na kitanzi cha kamba chenye urefu wa mvuto wako, bila upinde kabisa, mpaka mkono ukielewe.

Mdomo

Dawa hii haina mzigo wa kusubiri mpakani. Imepata umaarufu kupitia Joel Turner, Mmarekani aliyefundisha polisi kulenga kabla ya kuwageukia wapiga mishale. Hoja yake inatokana na elimu ya mwendo wa viungo, ile ambayo mwanasaikolojia Jack Adams aliiandikia mwaka 1971. Kuna mwendo ukishaanza haurudi, kama chafya. Na kuna mwendo unaousimamia njia nzima, kama kubeba kikombe cha chai kilichojaa kutoka jikoni hadi sebuleni: wakati wowote unaweza kusimama. Kiherehere kinaufanya mshale kuwa chafya. Kazi yako ni kuurudisha kuwa kikombe.

Njia ni kusema. Ukishatia nanga unajiuliza, kwa sauti, "Nipige?" Ukijibu ndiyo, unaanza kuvuta kwa mgongo ukisema "vuta, vuta, vuta", kila neno likienda na nguvu kidogo, hadi mshale uondoke. Neno likikatika au likikimbia, unashusha. Hapo mwanzo ni lazima lisikike. Tulionekana kama watu wanaoongea na magunia.

Chagua neno la lugha uliyoletewa nayo chakula utotoni. Mimi ni "vuta", mwenzangu Mganda husema "sika". Mmoja wetu alijaribu sentensi nzima ya Kiingereza aliyoisikia kwenye video, akawa anatafsiri badala ya kupiga.

Hii ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mwenye ganzi. Swali lile la "Nipige?" linaitenga kazi ya kulenga na kazi ya kupiga, na ganzi hulegea pale anapojua kwamba kufika kwenye manjano hakumlazimishi kitu. Lakini ina udhaifu wake: mdomo huzoea. Baada ya mwezi unaweza kuwa unasema "vuta, vuta" kama kondakta wa taksi anayetaja vituo huku akihesabu chenji. Maneno yapo, mtu hayupo. Ukiligundua hilo badilisha neno, au rudi kwenye gunia siku mbili ukalisemee pale.

Mkono wa pili

Mwenye kuvuta kwa kulia anaanza upya kwa kushoto. Mkono mpya hauna kumbukumbu, hivyo hauna kiherehere. Langer alifanya kitu kinachofanana: alibadilisha namna ya kushika fimbo mara kadhaa, wakati fulani akikamata kigasha chake cha kushoto kwa mkono wa kulia, na mwaka 1993 akashinda tena Masters, mashindano makubwa ya gofu, aliyokuwa ameishinda 1985.

Kwa hapa kwetu ninaiweka mwisho kabisa. Mpini wa rikavu una upande wake, kwa hiyo unahitaji upinde mwingine, na wa kushoto ni adimu. Utapoteza pia msimu mzima wa kujenga misuli. Tena mkono wa pili hufundishwa na bwana yuleyule: asipobadilisha somo, atapata wagonjwa wawili.

Ningekushauri nini

Ukiwa na rikavu yenye pini na mishale inakutoroka, anza na gunia wiki mbili, kisha ngazi, na ulianzishe neno lako tangu siku ya kwanza ya karatasi. Klika ije ukishaweza kushusha mara tano mfululizo mita 18 bila moyo kwenda mbio. Ukiitanguliza itakuficha ugonjwa, haitakuponya.

Asiye na pini: gunia na mdomo, na kwa sura ya tatu ongeza zoezi la kuvuta hadi kidevuni na kushusha tu, jioni nzima bila kupiga hata mshale mmoja. Mwenye ganzi: mdomo kwanza, na karatasi iliyogeuzwa. Mwenye kompaundi aazime kifyatulio kabla ya kununua, apige nacho gunia kwa mwezi, ndipo atoe pesa.

Muda? Mimi ulinichukua karibu miezi minne kurudi mita 18 kwa amani, na dada wa Busia mitatu akiwa na klika yake. Kila mwenzetu aliyetangaza kupona kwa wiki moja tulimwona tena mbele ya gunia.

Mwenye mashindano wiki ijayo asibadilishe kitu chochote kwenye upinde. Aende akiwa na ahadi moja kwamba katika kila zamu ya mishale atashusha angalau mara moja, hata kama pini imekaa vizuri, almuradi saa inamruhusu. Alama zitapungua kidogo.

Pale uwanjani kwetu tuna daftari la shule lenye safu mbili, mishale iliyopigwa na mishale iliyoshushwa. Jumamosi iliyopita nilipiga 36, nikashusha 11. Afande aliisoma ile safu ya pili, akanirudishia daftari, akaenda kununua rolex, ile chapati ya mayai.